Nani atangulie juu? Kamba ya usalama na maisha ya vibarua katika miradi ya nchi jirani

Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa rasmi juu ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza. Agosti mwaka huohuo, Tanzania na Burundi zilizindua ujenzi wa reli ya kisasa itakayotoka Uvinza hadi Musongati. Huko Nairobi, Hoima na Arusha, viwanja vipya vya soka vimejengwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, mashindano ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja Septemba 2023. Viongozi wanapozungumzia miradi hii hutaja gharama, urefu na idadi ya viti. Ni nadra kutajwa kwamba kila boriti ya chuma iliyopo juu ilihitaji mtu wa kupanda, kuipokea na kuifunga.

Wengi wa watu hao ni vibarua. Baadhi wanatoka vijiji vya jirani na mradi, na wengine huvuka mipaka. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze kutumika tarehe 1 Julai 2010, mfanyakazi wa nchi mwanachama ana njia ya kisheria ya kutafuta kazi katika nchi nyingine ya jumuiya, ingawa wengi bado hupatana kazi kwa maneno matupu getini. Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili katika eneo la Maziwa Makuu, habari za ujenzi wa nchi jirani ni habari za mwana, kaka au mume. Ndiyo maana linafaa kuulizwa swali ambalo huonekana dogo mpaka siku ya ajali: kabla mfanyakazi hajafunga kamba ya usalama huko juu, ni nani aliyepanda kuiweka, na yeye alikuwa amefungwa wapi?

Mkanda usio na pa kufungiwa

Katika miaka ya karibuni vifaa vya kujikinga vimezoeleka zaidi machoni. Kofia ngumu, buti na koti la kung'aa huonekana hata katika picha za uzinduzi. Mkanda wa usalama wa mwili mzima, ule unaopita mabegani, kifuani na mapajani, nao umeanza kuzoeleka. Lakini mkanda ni sehemu moja tu ya mfumo wenye sehemu tatu. Ya pili ni kamba inayounganisha mgongo wa mfanyakazi na jengo, ikiwa na kifyonza mshtuko kinachopunguza nguvu ya kukamatwa ghafla. Ya tatu ni nanga, yaani mahali palipo imara ambapo kamba hiyo hufungiwa. Sehemu moja ikikosekana, zile mbili zilizobaki hazimzuii mtu kufika chini.

Nanga ndiyo hukosekana mara nyingi zaidi, kwa sababu haiji ndani ya boksi pamoja na mkanda. Ni lazima mtu aitafute kwenye jengo, aipime kwa hesabu na aifikie. Mahali ambapo hakuna aliyeipanga tangu mwanzo, mfanyakazi hujifunga popote mkono unapofika: kwenye bomba la maji, kwenye papi za kupigilia mabati, kwenye mirunda ya jukwaa la kupandia. Kanuni za Marekani zinataka nanga ya kukamata mtu anayeanguka ihimili takriban kilo 2,270 kwa kila mfanyakazi, au iwe sehemu ya mfumo uliobuniwa na mtaalamu wenye nguvu mara mbili ya mzigo unaotarajiwa. Kiwango cha Ulaya kinataka nanga ya chuma ijaribiwe kwa takriban kilo 1,200. Papi ya bati haikutengenezwa kwa mzigo wa aina hiyo, wala mrunda uliofungwa kwa misumari na kamba ya katani.

Pale penye boriti imara juu, tatizo huwa ni namna ya kuifikia. Mara nyingi hutumwa kijana mwepesi, saidia fundi asiye na mkataba, apande kenchi akiwa amebeba kamba begani ili wenzake wapate pa kujifunga. Wenzake watapanda wakiwa salama. Yeye alipanda bila kinga yoyote. Atakapotumwa tena jioni kwenda kuifungua, atashuka hivyohivyo.

Hesabu ya mita sita

Kuna dhana iliyoenea kwamba aliyevaa mkanda na kufunga kamba popote pale amekwisha kujikinga. Hesabu rahisi yaonyesha vinginevyo.

Mfanyakazi amesimama juu ya boriti, akafunga kamba yenye urefu wa mita 2 kwenye boriti hiyohiyo, usawa wa miguu yake. Pete ya mkanda iliyo mgongoni ipo kama mita 1.5 juu ya nanga. Akiteleza, pete hiyo itashuka mita 1.5 hadi usawa wa nanga, kisha mita 2 nyingine hadi kamba ikaze. Ameanguka mita 3.5, na kwa wakati huo mwili wake unakwenda kasi ya karibu kilomita 30 kwa saa. Hapo kifyonza mshtuko huanza kufumuka, na chaweza kurefuka hadi mita 1.75. Miguu yake inaning'inia mita 1.5 chini ya pete. Ukiongeza mita moja ya tahadhari, panahitajika nafasi tupu ya zaidi ya mita 6 chini ya nanga. Aliyejifunga hivyo kwenye ghorofa ya kwanza, mita 3 au 4 kutoka ardhini, atafika chini kabla kamba haijamaliza kazi yake.

Hesabu hiyo hubadilika nanga inapokuwa juu ya kichwa. Kamba inaposhuka kutoka juu, mfanyakazi huanguka umbali mfupi tu kabla ya kushikwa. Akitumia kifaa chenye kamba inayojivuta yenyewe, ambacho hufunga ghafla kama mkanda wa garini, umbali huo hupungua zaidi. Tofauti ya nanga ya miguuni na nanga ya juu yaweza kuwa tofauti ya mtu aliyepata michubuko na mtu aliyevunjika uti wa mgongo.

Hatari hii haiishii kwenye majengo marefu. Katika maegesho ya malori yanayosafirisha mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Bujumbura, Kigali na Bukavu, utingo hupanda juu ya shehena kufunga na kufungua turubai. Shehena hiyo huweza kufika mita 4 kutoka ardhini, juu ya sakafu ya zege au lami. Hakuna ukingo wa kushika, na turubai lenye umande huteleza. Huko, kujifunga kwenye lori lenyewe hakumfai utingo, kwa sababu mita 6 za kuanguka hazipo. Kinachohitajika ni nanga juu yake.

Nanga inayofungwa mtu akiwa chini

Kwa mahitaji kama hayo kumetengenezwa vifaa vya kufunga nanga ya juu kutoka mbali. Kanuni yake si ngumu kueleweka. Mfanyakazi akiwa amesimama ardhini, au kwenye sakafu yenye ukingo imara, huchukua mti mrefu unaorefuka kwa vipande kama antena ya redio. Kwenye ncha yake hukaa kulabu kubwa au utepe mgumu wa kuzungusha boriti, ukiwa tayari umeunganishwa na kamba ya kujikinga. Huinua mti, huitupia kulabu boriti iliyo juu yake, huivuta ili ijifunge, kisha huuondoa mti. Kamba hubaki ikining'inia. Mfanyakazi huiunganisha na pete ya mkanda wake wakati miguu yake ingali chini, na ndipo hupanda. Kazi ikiisha, hushuka akiwa bado amefungwa, hujifungua, na kwa mti uleule huishusha nanga.

Faida yake ni kwamba hakuna anayetangulia bila kinga. Ule mpando wa kwanza na ule mshuko wa mwisho, nyakati mbili ambazo utaratibu wa kawaida huziacha wazi, nazo huingia ndani ya kinga.

Hata hivyo kifaa hiki kina mpaka wake. Mti hufika mita kadhaa tu. Kwenye karakana, ghala, kituo cha kupakia mafuta au maegesho ya malori yenye boriti ya juu, hufaa kutoka ardhini moja kwa moja. Kwenye paa la uwanja wa mpira lililo juu sana, hufaa tu pale ambapo tayari pana sakafu ya kazi yenye ukingo chini ya boriti, au jukwaa la kuinuliwa kwa mashine. Pasipo na hayo, mafundi wa chuma hutumia kamba mbili zenye kulabu: moja haifunguliwi mpaka nyingine imefungwa mbele yake. Njia hiyo ni ya polepole, na ndiyo sababu msimamizi mwenye haraka huichukia.

Kinachoweza kukigeuza kuwa mtego

Kifaa kinachofungwa kutoka chini kina udhaifu unaotokana na sifa yake hiyo: anayekifunga hakigusi. Huangalia kwa mbali, mara nyingi akipigwa na jua la usoni. Kulabu iliyokaa upande huonekana kama iliyokaa sawa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha, kwa macho na kwa kuvuta, kwamba imekumbatia boriti yote na kwamba kifungio chake kimefunga. Haitoshi kuona kwamba haikuanguka.

Jambo la pili ni boriti yenyewe. Uamuzi kwamba boriti fulani inaweza kushika mtu anayeanguka ni wa mhandisi, na hufanywa kabla ya siku ya kazi. Boriti iliyopandishwa asubuhi na kushikiliwa na bolti mbili za muda bado haijawa nanga, hata kama ni nene kiasi gani. Ncha zake kali nazo huweza kukata utepe wakati wa mshtuko, hivyo huhitaji kuwekewa kinga.

Tatu ni pembea. Nanga hufanya kazi vizuri inapokuwa moja kwa moja juu ya mfanyakazi. Akisogea mbali nayo kwa upande kisha akateleza, hatashuka wima. Atabembea kama ndoo kwenye kamba ya kisima, na kugonga nguzo au ukuta kwa nguvu ileile ambayo angegonga nayo ardhi. Kazi inaposogea, nanga nayo isogezwe.

Nne ni umeme. Mti mrefu, hasa wa chuma, ukiinuliwa karibu na nyaya za umeme zinazopita juu ya barabara na maegesho, unaweza kuua kabla ya mtu kupanda hata hatua moja. Sehemu yenye nyaya hizo haifai kutumia kifaa hiki mpaka umeme ukatwe au kazi ihamishwe.

Tano ni uokoaji. Kamba ikishamkamata mtu, ajali haijaisha. Mwili unaoning'inia bila kujongea kwenye mkanda hubanwa mapajani, damu hukusanyika miguuni, na mtu aweza kuzirai ndani ya dakika chache. Kusubiri gari la zimamoto kutoka upande wa pili wa jiji si mpango wa uokoaji. Ngazi, mashine ya kuinua au mtambo wa kumshusha lazima viwe pale pale, pamoja na mtu aliyefundishwa kuvitumia.

Mwisho ni ukaguzi. Mkanda, kamba na nanga hukaguliwa na mtumiaji kila siku kabla ya kazi, na kwa kiwango cha Ulaya hukaguliwa na mtaalamu angalau mara moja kila miezi 12. Kifaa kilichowahi kukamata mtu huondolewa kazini papo hapo. Kamba ya kuokoa maisha haitumiwi kuvutia ndoo za zege, kwa kuwa uharibifu wake huenda usionekane mpaka siku ya kuhitajika.

Sheria zipo, zinasemaje?

Hakuna nchi kati ya hizi tatu inayoweza kudai haina sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Zanzibar ina yake ya 2005. Uganda ina sheria ya 2006. Kenya ina sheria ya 2007, na kanuni zake za usalama katika kazi za ujenzi ni za tangu 1984. Zote humbebesha mwajiri wajibu wa kulinda maisha ya walio chini yake.

Juu ya hizo kuna misingi ya Shirika la Kazi Duniani. Mkataba wake namba 167 wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, unataka hatua zichukuliwe kuzuia watu, zana na vifaa kuanguka kutoka juu. Mkataba namba 155 wa 1981 una vifungu viwili ambavyo kila kibarua angefaa kuvijua. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi asiadhibiwe anapojiondoa mahali ambapo ana sababu ya msingi kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya papo hapo kwa maisha yake. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama hazipaswi kumgharimu mfanyakazi chochote. Juni 2022, mkutano wa kimataifa wa shirika hilo uliongeza mazingira salama ya kazi kuwa msingi wa tano wa haki za kazini, jambo linalozifunga nchi zote wanachama, hata zile ambazo hazijaridhia mikataba husika.

Ukubwa wa tatizo umepimwa kwingineko. Marekani, yenye kanuni kali na wakaguzi wengi, ilirekodi vifo 1,075 vya wafanyakazi wa ujenzi mwaka 2023; 421 kati ya hivyo vilitokana na kuanguka kutoka juu, karibu wawili katika kila watano. Uingereza, katika mwaka wa hesabu wa 2024/25, wafanyakazi 124 wa sekta zote walikufa kazini, na 35 kati yao walianguka kutoka juu. Ikiwa kuanguka bado kunaongoza kwa kuua mahali ambapo nanga hukaguliwa na faini hutozwa, ni rahisi kukisia uzito wake mahali ambapo kibarua hana hata jina kwenye daftari.

Na daftari ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kenya, kwa sheria yake ya fidia ya 2007, imeweka fidia ya kifo cha kazini kuwa sawa na mapato ya miezi 96. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaochangiwa na waajiri. Lakini fidia huanza na uthibitisho kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi. Aliyechukuliwa getini alfajiri na kulipwa jioni mkononi, tena akiwa amevuka mpaka, huiachia familia yake kazi ngumu ya kuthibitisha jambo ambalo eneo zima la ujenzi lilikuwa likiliona kila siku.

Gharama, haraka na lugha

Wakandarasi wadogo hulalamika kwamba vifaa hivi ni ghali na vinachelewesha kazi. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, na kuyapuuza hakusaidii. Mkandarasi aliyeshinda zabuni kwa bei ya chini kabisa hana fungu la kununulia nanga, kwa sababu zabuni yenyewe haikumwomba aionyeshe. Hapo ndipo serikali, ambazo ndizo wateja wakubwa wa viwanja, madaraja na reli, zina uwezo ambao mkaguzi peke yake hana. Zabuni ikidai mpango wa kazi za juu wenye bei yake mwenyewe, unaoonyesha nanga zitakuwa wapi na zitafikiwaje, hakuna mshindani atakayepata faida kwa kuuacha.

Mpango kama huo pia hurudisha mambo kwenye mpangilio wake. Kanuni za Uingereza za 2005 kuhusu kazi za juu huanza na kuepuka kupanda kabisa pale inapowezekana: kuunganisha vyuma ardhini kisha kuviinua kwa winchi, kufunga turubai kwa mtambo wa kando ya lori. Inaposhindikana, huja ukingo na sakafu imara, vinavyomlinda kila mtu bila kumtaka akumbuke kujifunga. Wavu na mkanda hufuata baada ya hapo. Nanga ya kufungwa kutoka chini ni kifaa kizuri cha hatua hiyo ya mwisho, na haipaswi kuwa kisingizio cha kuruka zile za mwanzo.

Kisha kuna lugha. Kifaa hufika na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha ya kiwandani. Msimamizi huweza kuwa Mchina au Mturuki, mkalimani wake akajua Kiingereza, na kibarua anayeshika mti akajua Kiswahili na Kirundi. Viwango vya Ulaya vinataka maelekezo ya vifaa hivi yatolewe kwa lugha ya nchi vinakopelekwa, na mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inataka mafunzo yatolewe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Katika ukanda ambao Kiswahili ndicho lugha ambayo mwashi wa Ngozi, fundi chuma wa Tabora na dereva wa Bukavu hukutania, mafunzo ya kazi za juu kwa Kiswahili yangepaswa kuwa sharti la kazi kuanza.

Methali husema aliye juu mngoje chini. Katika maeneo ya ujenzi maneno hayo hupata maana chungu, kwa kuwa wanaomngoja aliye juu ni mke na watoto. Mabadiliko ya zabuni na ukaguzi yatachukua muda. Yapo maswali matano ambayo kibarua anaweza kuyauliza leo, kabla mguu wake haujaacha ardhi: Nanga ni ipi, na nani aliyeipitisha? Nitajifunga nikiwa bado chini, au nikiwa nimeshapanda? Nikianguka, nitagonga nini? Nani atanishusha, na kwa kifaa gani? Je, jina langu limeandikwa? Msimamizi mwenye majibu hatachukua hata dakika mbili kuyatoa. Asiye nayo atakuwa amekwisha kumweleza kibarua jambo la kweli kuhusu kazi hiyo, kungali mapema.